Mali bila daftari: picha za Kilimanjaro na vilima vya Geita



Ingia kwa kinyozi, katika mgahawa wa chai au katika ofisi yoyote ndogo hapa Shinyanga mjini, au nenda Kahama, au nenda Geita. Tazama ukutani. Si ajabu ukaikuta kalenda yenye picha ya mlima Kilimanjaro. Mbele wamesimama tembo au twiga, nyuma kimekaa kilele cheupe pe, na juu yake anga la bluu. Mlima wenyewe uko mamia ya kilomita kutoka hapa. Kwetu sisi nchi ni tambarare, ardhi ni ile nyeusi ya mbuga inayonata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na kitu kilichoinuka ni vilima vya mawe na malundo ya mchanga wa migodini. Lakini Kilimanjaro tunaijua, kwa sababu ya picha.

Swali langu la wiki hii ni dogo. Picha hiyo ya ukutani ilipigwa lini? Nimezikagua kalenda nyingi. Jina la mwenye duka limeandikwa, namba ya simu imeandikwa, sikukuu zote zimepigwa rangi nyekundu. Tarehe ya picha haipo. Kalenda ina siku 365, na haina siku moja ya picha yake yenyewe. Kwa hiyo mtoto anayekua akiitazama anaamini kwamba huo ndio mlima ulivyo leo. Sivyo ulivyo leo. Weupe ule umepungua mno.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nataka kusema kwamba picha ya mlima, ikipigwa vizuri na kuandikwa tarehe, ni daftari. Na nataka kuonyesha kwa nini jambo hili linatuhusu sisi watu wa ukanda wa dhahabu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na wakati ambapo daftari hilo halikuwapo. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani aitwaye Johannes Rebmann, akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona weupe juu ya mlima. Alimwuliza mtu aliyekuwa akimwongoza ni kitu gani kile, akajibiwa kwa neno moja tu: baridi. Tazameni hekima ya jibu hilo. Mtu wa pwani hakuwa na jina la theluji, akaitaja kwa lile inalomfanyia binadamu.

Rebmann aliandika habari hizo, nazo zikachapishwa London mwaka 1849. Hapo ukazuka ubishi. Mtaalamu wa jiografia aliyeitwa Cooley, ambaye hakuwahi kufika huku, alishikilia kwamba theluji karibu na mstari wa Ikweta ni jambo lisilowezekana. Rebmann alikuwa na macho yake, hakuwa na picha. Ubishi ule uliendelea kwa zaidi ya miaka kumi, hadi Baron von der Decken na Otto Kersten walipopanda mwaka 1862 mpaka mita zaidi ya 4,000 na kuangukiwa na theluji wao wenyewe.

Msikilizaji anaweza kuuliza, je, kamera hazikuwapo? Zilikuwapo. Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa Paris mwaka 1839. Lakini kwa miaka mingi mpiga picha alilazimika kukipaka dawa kipande cha kioo, akakipiga picha kikingali kibichi, na kukisafisha papo hapo ndani ya hema lenye giza. Jaribu kufanya hivyo penye upepo wa mita 4,000, maji yakiganda ndani ya ndoo. Mambo yalibadilika vilipopatikana vioo vikavu, vilivyopakwa dawa kiwandani, katika miaka ya 1870 na 1880. Hapo ndipo kamera ilipoweza kupanda mlima.

Mmoja wa waliopanda nayo alikuwa Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, kutoka ukoo wa wachapishaji vitabu. Mwaka 1887 alifika kwenye ukingo wa barafu akashindwa kuendelea, na mwaka 1888 akachapisha Berlin kitabu chenye picha 40 za safari hiyo. Mwaka huo huo wa 1888 alirudi, safari yake ikavurugwa na vita vya Abushiri, akatekwa na kukombolewa kwa fedha. Mwaka 1889 akaja tena, na tarehe 6 Oktoba yeye na Ludwig Purtscheller wa Austria wakasimama kileleni. Watoto wetu shuleni husoma majina hayo mawili.

Sasa hapa ndipo habari inapoingia nyumbani. Vioo vile havikuota mabawa. Kioo ni kizito, na kikivunjika hakiungwi. Kamera ya siku zile ilikuwa sanduku la mbao lenye miguu mitatu. Kila kitu kilibebwa kwa kichwa na kwa bega kutoka pwani. Na kazi ya kubeba kwa kichwa na bega, katika nchi hii, ndiyo iliyowapa jina watu wa Unyamwezi na Usukuma. Kila kiangazi maelfu ya wapagazi walitelemka kutoka huku hadi Bagamoyo na kurudi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi, mbali na chakula chake na mkeka wake. Misafara ya nchi nzima ilijengwa juu ya utaratibu huo.

Hata habari za theluji zilipita mlangoni petu kwa miguu. Mwaka 1888 Stanley aliiona milima ya Ruwenzori, na Juni 1889 msaidizi wake Stairs akaipanda hadi zaidi ya mita 3,000. Agosti mwaka huo msafara wao ulifika Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, kwa mmisionari Mackay, ukapumzika, kisha ukakata kupita Usukuma kuelekea pwani, na haukupita bila mapigano. Miaka kumi na saba baadaye, mwaka 1906, Mtaliano Vittorio Sella aliipiga picha milima hiyo ya Ruwenzori pamoja na Mtawala wa Abruzzi, na mpaka sasa wataalamu hupeleka picha zake mlimani ili kulinganisha.

Ndugu zangu, katika habari zote hizo aliyeshika kamera tunamjua kwa jina. Aliyeibeba mara nyingi hatumjui. Meyer alimtaja Muini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki kambini juu kabisa kwenye baridi wakati wazungu wawili wakipanda. Na huko Marangu wanamsimulia mzee Yohani Kinyala Lauwo, aliyefariki mwaka 1996, kwamba ndiye aliyewaongoza. Majina mawili, kati ya watu wengi. Kwa hiyo daftari letu la kwanza la mlima lina kurasa nzuri, lakini orodha ya waliolitengeneza ina mapengo.

Pamoja na hayo, daftari ni daftari. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walikuja Kilimanjaro na kamera ya kupimia. Hawa ndio waliopanda Mawenzi kwa mara ya kwanza. Kazi yao nitaieleza kwa ufupi. Ukifumba jicho moja huwezi kukadiria vizuri umbali wa kikombe mezani, lakini ukifumbua yote mawili unaweza. Wao walipiga picha kutoka vituo viwili vilivyojulikana mahali vilipo, kama macho mawili ya jitu, kisha kwa hesabu wakachora ramani ya mlima mzima. Kutokana na kazi hiyo tunajua kwamba mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 12 hivi.

Januari 1930 rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, aliruka juu ya Kibo kwa ndege na kuipiga picha kutoka angani. Baadaye zikaja picha za upimaji wa ramani za serikali, kisha za setilaiti. Hesabu zikawekwa pamoja. Mwaka 1953 barafu ilikuwa chini ya kilomita za mraba 7. Mwaka 1989 ilikuwa kama 3.3. Mwaka 2011 ilibaki chini ya 1.8. Yaani katika miaka 99 mlima ulipoteza asilimia 85 ya barafu yake. Hakuna mzee yeyote, awe na kumbukumbu njema namna gani, ambaye angeweza kutupa hesabu hiyo. Imetolewa na picha.

Na picha zilitufundisha adabu pia. Mwaka 2002 Profesa Lonnie Thompson wa Marekani na wenzake, waliotoboa barafu ile mwaka 2000, waliandika kwamba huenda itakwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na mabaki ya barafu bado yapo. Wengine wakadakia kusema, basi yote ni uongo. Sivyo. Lililokosea ni tarehe ya kwisha, picha hazikukosea. Mwaka 2022 UNESCO ilikadiria kwamba barafu za mwisho za Afrika, Kilimanjaro na mlima Kenya zikiwamo, zitakuwa zimetoweka ifikapo mwaka 2050. Kuhusu sababu, wataalamu wanaeleza kwamba juu ya Kibo kilichoanza ni ukavu, tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mvua na mawingu vilipungua, theluji mpya ikawa haba, jua likala ile ya zamani. Joto la dunia limekuja kuongeza makali juu ya hapo. Anayetaka neno moja rahisi hatalipata, lakini anayetaka ushahidi anao.

Mimi mwenyewe nimepanda mlima huo, kwa njia ya Marangu. Usiku wa kwenda kileleni watu huondoka Kibo, penye mita 4,720, saa sita hivi za usiku, ili wafike kunakopambazuka. Betri ya kamera au ya simu hailali nje, hulazwa ndani ya koti karibu na ngozi, maana baridi huifanya iishe upesi. Theluji nayo huidanganya kamera. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, nayo huupunguza, barafu ikatoka ya kijivu kama majivu ya jikoni. Mpiga picha lazima aiongezee mwanga kwa makusudi. Na saa yake ni asubuhi, kwa sababu kufikia saa nne mawingu hupanda kutoka msituni na kufunika kila kitu.

Pale Uhuru, mita 5,895, nilikuta foleni. Watu wa mataifa mbalimbali walikuwa wakipanga zamu ya kupigwa picha chini ya kibao cha mbao. Sina ugomvi nao, mtu aliyefika huko kwa jasho lake ana haki ya ushahidi. Pale pale ndipo Luteni Alexander Nyirenda alipoleta mwenge na bendera usiku wa Uhuru, Desemba 1961, na picha yake ni sehemu ya historia ya taifa. Lakini niliona kwamba ni wachache waliogeuza kamera kuelekea kwenye ukuta wa barafu uliokuwa nyuma yao. Nikamwuliza kiongozi wetu, mtu mzima aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, barafu ilifika wapi alipoanza. Akanionyesha kwa fimbo yake mahali penye changarawe tupu, mbali na ukuta ule. Nikamwuliza kama ana picha. Akasema, “Mimi hupiga picha za wageni, bwana. Wanaondoka nazo.”

Kauli hiyo imenikaa moyoni, kwa sababu inatufaa hata sisi wa Shinyanga na Geita. Picha zetu wanaondoka nazo wageni.

Fikirini Geita. Dhahabu ya huko ilijulikana tangu enzi za Wajerumani. Mgodi wa zamani ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mkubwa wa kisasa, na uchimbaji wa mashimo ya wazi ukabadilisha sura ya nchi. Majina ya baadhi ya mashimo hayo ni darasa tosha. Lipo linaloitwa Geita Hill, maana yake kilima cha Geita. Lipo linaloitwa Lone Cone, yaani kilima kimoja cha peke yake chenye umbo la pia. Jina linataja kilima, macho yanaona shimo. Mtoto aliyezaliwa Geita mwaka 2005 hajui kilima hicho kilikuwaje, mti gani uliota juu yake, ng’ombe walipanda upande gani, wala walikochimba wazee kwa sururu na taa ya kibatari.

Sisemi dhahabu isichimbwe. Dhahabu imejenga nyumba, imesomesha watoto, imefanya Kahama na Geita ziwe miji. Ninachosema ni kwamba makampuni yana picha. Kabla ya kuchimba hupiga picha za angani, hupima, huweka kwenye makabati na kwenye kompyuta zao. Mwanakijiji hana hata moja. Ukifika ubishi wa mpaka ulipita wapi, miembe ilikuwa mingapi, kisima kilikuwa upande gani, kaburi la babu lilikuwa juu ya kilima au chini yake, upande mmoja hutoa karatasi na upande mwingine hutoa kiapo. Mnakumbuka yaliyompata Rebmann. Alikuwa mkweli, tena alikuwa ameona kwa macho yake, na bado alibishiwa kwa miaka na mtu aliyekaa London.

Na daftari halionyeshi hasara peke yake. Hapa Shinyanga tuna mfano wa kinyume, ambao tungejivunia zaidi kama tungekuwa na picha zake majumbani. Miti ya mkoa huu ilifyekwa sana, kwanza katika vita dhidi ya mbung’o tangu miaka ya 1920, kisha kwa mashamba ya pamba, kuni na mifugo. Nchi ikawa jangwa, na hilo jina tuliitwa. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ngitili zilizohesabiwa hazikuzidi hekta 600 hivi. Watu walirudia desturi ya wazee, wakazitenga sehemu za malisho zipumzike, na miti ikaota upya. Baada ya miaka kama kumi na tano, ngitili zilizidi hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ukapewa tuzo ya kimataifa. Kijana wa leo anayepita kwenye kivuli hicho anadhani kimekuwapo siku zote. Akionyeshwa picha ya mahali pale pale mwaka 1986, hatapeleka shoka ovyo.

Basi tufanye nini? Jambo lenyewe halihitaji fedha za kigeni. Simu yenye kamera imefika kila kijiji. Chagua mahali unapoweza kurudi, kwenye jiwe kubwa, kona ya shule au mnara wa kanisa. Elekeza kamera kwenye kilima, mto au ngitili. Weka mtu au nyumba ndani ya picha ili ukubwa ujulikane. Piga. Mwaka ujao rudi mwezi ule ule, saa ile ile, simama pale pale, piga tena. Kama mahali ni eneo la mgodi au lenye ulinzi, omba ruhusa kwanza, au simama nje ya mpaka, kilima huonekana kutoka mbali.

Kisha ichapishe. Picha iliyo ndani ya simu ni mgeni wa siku mbili. Simu huibwa, huanguka majini, hufutwa. Ukiirusha picha kwa WhatsApp hupungua ubora wake, na mara nyingi tarehe yake ya asili haifiki upande wa pili. Ichapishe, uandike nyuma kwa kalamu: mahali, tarehe, umetazama upande gani, jina la aliyepiga, na majina ya waliokuwapo. Nakala moja iweke nyumbani, nyingine ipelekwe ofisi ya kijiji au shuleni. Waalimu wa historia na jiografia, hili ni somo ambalo darasa zima linaweza kulifanya kwa mchana mmoja, na darasa litakalofuata likaliendeleza.

Na tafadhali yaandikeni majina. Juu ya Kilimanjaro wabeba mizigo wa leo huitwa wagumu, na sheria za hifadhi zimewawekea kikomo cha uzito. Hilo ni jema. Lakini picha nyingi za mlima bado huondoka bila jina la aliyebeba hema, chakula na kamera. Watu wa huku, wajukuu wa wapagazi, wanapaswa kuwa wa kwanza kuliona pengo hilo.

Milima haikutani, binadamu hukutana. Ndivyo msemo usemavyo. Lakini binadamu wanaokutana na kuhojiana juu ya mlima ambao haupo tena, au theluji iliyokwisha, watahitaji kitu cha kuwekwa mezani kati yao. Kalenda isiyo na tarehe haitawasaidia.

Panapo majaliwa tutakutana tena wiki ijayo. Kwaherini.